Wanawake wa miaka 40 hadi 60: saa tunazokaa zinagusa hata bakteria wa tumboni. Karibuni tujadili

#1 Mlishi (mwanzisha uzi)

Dada zangu, mama zangu, na wakuu wote wa jukwaa, salaam kwa kila mtu kwa rika lake.

Kazi yangu ni lishe, na wanaokuja kwangu kwa wingi ni wanawake wa miaka 40 hadi 60. Maneno yao yanakaribiana: tumbo linajaa gesi, choo kigumu, kiuno kinaongezeka ingawa chakula hakijaongezeka, sukari inapanda polepole. Wengi wanafika wakiwa wameshatumia hela kwa dawa za "kusafisha utumbo". Kitu ambacho muuza dawa hakuulizi, na ambacho mimi sasa nauliza kabla sijauliza chakula, ni hiki: kwa siku unakaa saa ngapi?

Hesabu mwenyewe. Fundi cherehani, karani, mwenye duka, wakala wa miamala kwenye kibanda ambacho hata kunyoosha miguu hakuna nafasi, mwalimu na rundo la madaftari. Mama zetu walikwenda kisimani, wakatwanga, wakapalilia. Sisi maji yako bombani, unga unatoka mashineni, na bodaboda inatuchukua mlangoni na kutushusha mlangoni. Simtamanii mtu yeyote arudi kwenye kinu na mchi, maana kazi ile ilichosha na kuumiza. Lakini mwili uliotoka kwenye mwendo ule ndio huohuo tulio nao.

Sasa bakteria wanaingiaje hapa? Kwenye utumbo mpana wanaishi bakteria kwa matrilioni. Wanakula kile ambacho sisi tumeshindwa kukimeng'enya, hasa nyuzinyuzi za mboga, kunde, matunda na nafaka zisizokobolewa. Wakishazichachusha wanatoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi, na moja kati ya hizo inaitwa butireti. Seli za ukuta wa utumbo mpana zinategemea butireti kwa takribani asilimia 70 ya nguvu zake. Hao bakteria ni kama mbuzi wa nyumbani: wakikosa majani wanatafuna uzio. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba nyuzinyuzi zikikosekana, baadhi yao hugeukia ute unaofunika ukuta wa utumbo, na ute ukishakuwa mwembamba vijidudu vibaya hupata njia.

Hiyo ni habari ya chakula, na wengi mmeshaisikia. Iliyo mpya zaidi ni ya mwendo. Mwaka 2017 watafiti wa Madrid, Hispania, walichapisha kazi yao juu ya wanawake 40. Kati yao 19 walikuwa wanafanya mazoezi angalau kwa kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na 21 walikuwa wa kukaa. Wale wenye mwendo walikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha Faecalibacterium prausnitzii na Roseburia hominis, ambao ni watengenezaji wa butireti, pamoja na Akkermansia muciniphila anayeishi kwenye ule ute. Jambo lililonifanya nisome mara ya pili ni kwamba hawakupima mazoezi peke yake. Wanawake wale walivaa kifaa cha kupima mwendo, na ikaonekana kwamba hata ile tabia ya kukatiza kukaa, kuinuka mara kwa mara, ilihusiana na bakteria waliomo.

Mwendo unafikaje tumboni? Njia zinazotajwa ni kadhaa. Ukitembea, utumbo nao unasogeza choo haraka zaidi, kwa hiyo mazingira ya bakteria yanabadilika. Nyongo inayofika utumbo mpana inabadilika. Misuli ikifanya kazi inaachia kemikali kwenye damu zinazopunguza uvimbe wa ndani kwa ndani. Na sukari inayoingia kwenye misuli haibaki ikizunguka kwenye damu.

Mnaokaa kutwa, tuambizane hali zenu.

#2 Kipepeo wa Mwambao

Shikamoo dada Mlishi. Uzi huu ni wangu kabisa. Nina miaka 51, hedhi imeshakoma, nashona. Nikikaa kwenye cherehani asubuhi naweza kuinuka adhuhuri, hasa msimu wa sare za shule na sikukuu. Jioni najitahidi natembea mpaka sokoni na kurudi. Swali langu, je, kile kitembezi cha jioni kinafuta saa zote zile za kukaa? Maana daktari aliniambia nifanye mazoezi nikamjibu natembea, akaridhika, lakini sukari yangu haijashuka.

#3 Mlishi

Marahaba mdogo wangu. Kinasaidia sana, usikiache. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilitoa uchambuzi uliokusanya watu zaidi ya milioni 1. Waliokuwa wanakaa zaidi ya saa 8 kwa siku lakini wanafanya mwendo wa wastani dakika 60 hadi 75 kila siku hawakuonekana kufa mapema kuliko wanaokaa kidogo. Ona dakika zenyewe lakini: saa nzima na zaidi, kila siku. Wengi wetu hatufiki huko, kwa hiyo lazima tupunguze kukaa kwenyewe.

Kwa sukari yako kuna jaribio la Australia la mwaka 2012, watu wa miaka 45 hadi 65 wenye uzito mkubwa, rika letu hasa. Walipewa kinywaji chenye sukari nyingi, siku moja wakakaa mfululizo, siku nyingine wakawa wanainuka kila dakika 20 na kutembea dakika 2 tu. Siku ya kuinuka, sukari baada ya kinywaji ilipanda pungufu kwa kama robo, na kwa waliotembea kwa kasi zaidi ikakaribia asilimia 30. Dakika 2! Hazihitaji raba wala kubadilisha nguo.

Kwenye cherehani yako fanya hivi: meza ya pasi iweke upande wa pili wa chumba, na kila kipande kikishaungwa inuka ukakipige pasi palepale, usilimbikize. Kitambaa kata ukiwa umesimama. Nyuzi za rangi zitundike ukutani mbali na mkono. Na baada ya chakula cha mchana usirudi kwenye kiti moja kwa moja, zunguka nje kwanza. Na sukari yenyewe endelea kuipima kliniki, usiache dawa kwa sababu ya uzi wa mtandaoni.

#4 Muuguzi wa Zamu

Naongezea kidogo kwa dada Kipepeo. Tulipokuwa chuo tulifundishwa kisa cha mabasi ya London. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walilinganisha madereva na makonda wa yale mabasi ya ghorofa. Kampuni ileile, mitaa ileile, lakini dereva anakaa zamu nzima na konda anapanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Hakuna aliyekuwa anakwenda gym. Hiyo ndiyo iliyonifungua macho kwamba mwendo wa kazini nao unahesabika, na mpaka leo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema hivyohivyo: kazi, nyumba, safari, michezo, yote ni mwendo. Kiwango chao kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na kazi ya misuli angalau siku 2. Humo pia wakaandika wazi kwamba muda wa kukaa upunguzwe.

#5 Tafakuri

Mwanzisha uzi, kwanza hongera kwa kuandika vizuri. Lakini niruhusu nipinge. Huo utafiti wa Madrid nimeutafuta nikausoma. Wanawake wale walikuwa na miaka 18 hadi 40. Hakuna hata mmoja wa miaka 50. Uzi unasema 40 hadi 60. Pili, waliokuwa na mwendo walikuwa pia wanakula mboga na matunda zaidi. Utajuaje kama ni miguu au ni sahani? Tatu, mtu mwenye tumbo zuri anajisikia mwepesi, ndiyo maana anafanya mazoezi. Huenda sababu imegeuzwa kichwa chini. Sipingi watu kutembea. Napinga kumwambia mama wa miaka 55 kwamba imethibitishwa wakati haijathibitishwa kwake.

#6 Mlishi

Mkuu Tafakuri, pingamizi zako zote tatu ni za haki na nafurahi umeusoma wenyewe. Nijibu moja moja, maana hapa ndipo penye nyama ya mjadala.

Umri. Huko Sweden kuna kundi kubwa la watu wa miaka 50 hadi 65 lililofuatiliwa kwa ajili ya moyo na mapafu. Mwaka 2024 walichapisha matokeo ya watu 8,416 kati yao, wanawake na wanaume, waliovaa kifaa cha kupima mwendo na kutoa choo kikapimwa. Hapo hatutegemei tena mtu kujisemea "mimi natembea sana". Saa za kukaa zilihusiana na bakteria tofauti na saa za mwendo, na Roseburia hominis yuleyule wa Madrid akaonekana zaidi kwa wenye mwendo. Huo pia ni uhusiano, nakubali, hausemi nini kimesababisha nini. Ila ni rika letu na idadi inatosha.

Miguu au sahani. Hapa inabidi tutoke kwenye kulinganisha watu twende kwenye kuwabadilisha. Finland waliwachukua wanawake wanene waliokuwa hawafanyi mazoezi, wakawapandisha baiskeli ya mazoezi mara 3 kwa wiki kwa wiki 6, chakula kikabaki vilevile. Wanawake 17 walimaliza. Akkermansia waliongezeka, na kundi la Proteobacteria, ambalo ndani yake mna vijidudu vichokozi vingi, likapungua. Uzito wao haukushuka kwa maana yoyote. Kwa hiyo tumbo lilisikia mwendo kabla mizani haijasikia. Hilo nawaambia kila siku akina mama wanaokata tamaa wakipanda mzani wiki ya tatu.

Halafu kuna la Illinois, Marekani, la mwaka 2018, ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Watu 32 wa kukaa, wembamba na wanene, wiki 6 za mazoezi mara 3 kwa wiki, dakika 30 zikipanda mpaka 60. Butireti ikaongezeka, zaidi kwa wale wembamba. Kisha wakaambiwa waache, warudi kwenye kukaa wiki 6 nyingine. Wakapimwa tena. Mabadiliko mengi yakawa yamerudi yalikotoka.

Hiyo inajibu pia swali lako la tatu kwa sehemu: mwendo ulipoletwa, bakteria wakabadilika, mwendo ulipoondolewa wakarudi. Pale sababu haikugeuzwa. Lakini ni kweli makundi ni madogo, na sitamwambia mtu imethibitishwa kwamba kutembea kutaponya gesi ya tumbo lake. Ninachosema kwa uhakika ni kwamba utumbo haumo kwenye chupa ya kuusafisha mara moja kwa mwezi. Unachokifanya wiki hii ndicho unachokikuta wiki ijayo.

#7 Tafakuri

Nimekuelewa. La Illinois sikulijua, nitalitafuta. Basi nibakie na swali moja: tafiti zote hizi ni za Ulaya na Marekani. Sisi je?

#8 Mkazi wa Mang'ola

Mkuu Tafakuri, mimi niko huku Mang'ola, karibu na ziwa Eyasi, na majirani zetu Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, wamepimwa kuliko watu wengi wa Tanzania.

Mwaka 2014 ilichapishwa kazi ya bakteria wa Wahadzabe 27 wakilinganishwa na Waitaliano 16 wa Bologna. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi. Na jambo ambalo dada zetu humu watalipenda, wanawake na wanaume wa Kihadzabe walitofautiana. Wanawake wanachimba mizizi na kuila zaidi, yenye nyuzi ngumu kweli, utaitafuna mpaka utaitema, na tumbo lao lilionyesha hivyo. Mwaka 2017 ikaja nyingine iliyoonyesha kwamba bakteria wao wanabadilika na majira, kiangazi wako hivi, masika wako vile, kisha mwaka ukizunguka wanarudi.

Kuhusu mwendo, walivalishwa vifaa, wakaonekana wanafanya mwendo wa wastani na wa nguvu kama dakika 135 kwa siku. Dakika hizo mjini ni za wiki nzima kwa wengine. Sasa sikilizeni la kukaa. Mwaka 2020 watafiti walikuta kwamba Wahadzabe wanapumzika karibu saa 10 kwa siku. Saa 10! Sawasawa na mtu wa ofisini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Hawana viti. Mama anachuchumaa akimenya mizizi, anapiga magoti, anakaa chini amekunja miguu, anabadilisha. Vipimo vilionyesha misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi wakati wa kuchuchumaa, wakati kwenye kiti inalala kabisa. Mimi mwenyewe nikikaa nao siwezi kuchuchumaa muda wanaouweza bibi zao.

Naomba lakini watu wasitoke hapa wakiwafanya Wahadzabe maonyesho. Ardhi yao inapungua kila mwaka, mashamba na mifugo inaingia, mizizi na ubuyu vinakuwa mbali. Tukisifia matumbo yao tukumbuke pori ndilo linalowalisha.

#9 Mlishi

Asante sana ndugu wa Mang'ola, hasa kwa hilo la mwisho. Nakuunga mkono kwa moyo wote.

Hilo la kuchuchumaa ndilo jambo nililotaka kulifikia. Wanawake wa Kiswahili tuna mkeka, kigoda, jamvi. Kuchagua mchele ukiwa chini, kukuna nazi juu ya mbuzi, kuosha vyombo ukiwa umechuchumaa. Nyumba za sasa zimetupandisha juu ya sofa na kuzama hapo jioni nzima mbele ya tamthilia. Mwenye magoti mazima akae chini wakati anamenya vitunguu, na kuinuka kwenyewe kutoka chini ni kazi nzuri ya paja na nyonga.

#10 Mama Lishe wa Stendi

Mimi sikai kabisa, nasimama kuanzia alfajiri mpaka jioni, napika na kugawa. Jioni miguu imevimba. Mbona na mimi tumbo linajaa na choo ni kigumu?

#11 Mlishi

Pole sana mama. Kusimama sehemu moja na kutembea ni vitu viwili. Ukisimama mbele ya jiko bila kusogea damu inatuama miguuni, na misuli haipati ule mkazo na kulegea wa hatua. Kwa hiyo ukipata nafasi, tembea na ukae pia, nyanyua miguu juu kidogo. Lakini mama, nina maswali mawili ninayowauliza wapishi wote. Unakunywa maji kiasi gani ukiwa kwenye joto la jiko? Na unakula saa ngapi, unakula nini? Mara nyingi mama lishe anahudumia watu maharage na mboga, yeye anakula chai na chapati saa nne, kisha ukoko wa wali saa kumi. Jihudumie sahani yako mapema, na mboga iwe nusu yake.

#12 Mama Lishe wa Stendi

Umenitaja kabisa. Maji nakunywa kidogo kwa sababu choo cha stendi ni cha kulipia na ni kichafu.

#13 Muuguzi wa Zamu

Mama, hilo ulilosema ni kubwa kuliko mada yote. Wanawake wengi sokoni na stendi wanajinyima maji na wanabana choo kutwa kwa sababu hiyohiyo. Choo kikibanwa kinakaa utumboni, kinanyonywa maji, kinakuwa kigumu, na mkojo ukibanwa unaleta maambukizi. Huwezi kumhubiria mtu bakteria wakati hana pa kujisaidia kwa heshima. Kama mna umoja wa mama lishe hapo, lipelekeni kwa uongozi wa stendi kwa pamoja na kwa maandishi.

#14 Tiba Safi

Akina mama, tatizo la gesi na choo linaisha kwa siku 3 tu. Unga wetu unatoa uchafu wa miaka yote uliogandamana utumboni, unarudisha bakteria wazuri na kukata kitambi. Inbox.

#15 Mlishi

Ndugu, kwenye utumbo hakuna uchafu wa miaka uliogandamana. Ukuta wa utumbo unajivua seli zake na kujiota upya kila baada ya siku chache. Mingi ya unga huo ni dawa za kuharisha. Unapoharisha unapoteza maji na chumvi, na bakteria haohao unaosema unawarudisha wanatoka nao. Kwa mama wa miaka 55 mwenye presha anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini, kuharisha siku 3 kunaweza kumlaza wodini. Nawaomba wasimamizi waondoe tangazo hili.

Na kwa sababu hiyohiyo, acheni kununua antibayotiki kila tumbo likiuma. Zinaua wabaya na wazuri.

#16 Nyakio wa Nairobi

Habari za huko dada zangu. Nasoma kutoka Nairobi na nimeguswa. Mimi nina miaka 46, kazi ni ya kompyuta, na jam ya asubuhi na jioni inanikalisha saa tatu zaidi kwa matatu. Nimeanza kushukia steji mbili kabla ya yangu na kumalizia kwa miguu. Swali: maziwa lala ninayotengeneza nyumbani yanasaidia hawa bakteria? Na je, mama yangu alizoea kusema wanawake wakifika umri wa kukatika hedhi tumbo hubadilika. Ni kweli?

#17 Muuguzi wa Zamu

Mama yako alisema kweli. Mwaka 2022 ilitoka kazi ya Marekani juu ya watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wanawake waliokoma hedhi walikuwa na aina chache zaidi za bakteria kuliko ambao bado, na mpangilio wao ulisogea kufanana na wa wanaume. Akkermansia, yule wa kwenye ute, alikuwa mmoja wa waliopungua. Estrojeni, yaani homoni ya kike, na bakteria wana mazungumzo ya pande mbili: ini likishafunga estrojeni iliyotumika na kuimwaga kwenye nyongo, wapo bakteria wenye kimeng'enya cha kuifungua, ikanyonywa tena na kurudi kwenye damu. Ongeza kwamba umri huo misuli na mifupa inapungua. Ndiyo maana zile siku 2 za kazi ya misuli si za vijana wa gym tu. Kuinuka na kukaa kwenye kiti bila kushika, kusukuma ukuta, kubeba ndoo mbili zilizolingana kila mkono, vyote vinahesabika.

#18 Mlishi

Karibu sana Nyakio. Maziwa lala, au mtindi kama tunavyouita huku, ni chakula kizuri, na bora zaidi bila sukari. Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2021 walitoa jaribio ambalo watu walioongeza vyakula vya kuchachushwa walipata aina nyingi zaidi za bakteria, na alama za uvimbe kwenye damu zikashuka. Na kwetu hapa Kilimanjaro, mwaka 2025 yalitoka matokeo ya vijana wa kiume 77. Waliobadilishiwa chakula cha kienyeji wakapewa cha kizungu kwa wiki 2, alama za uvimbe zikapanda. Waliofanya kinyume chake zikashuka, na mbege, ile pombe ya ndizi, pia ilikuwa na athari ya kupunguza. Mkuu Tafakuri, hilo linajibu swali lako la "sisi je" upande wa chakula. Walikuwa wanaume watupu ingawa, na mimi nasubiri kwa hamu siku mwanamke wa Moshi au Tandika wa miaka 50 atavalishwa kifaa cha mwendo na kupimwa tumbo lake. Sisemi mtu anywe mbege kama dawa, ina kilevi. Uji wa ulezi au mtama uliochachushwa unatosha.

#19 Hekima Kimya

Nimesoma kimya muda mrefu. Nina miaka 53. Choo changu kimebadilika tangu mwezi wa Ramadhani, mara kigumu mara laini, na kuna siku naona damu. Nimepungua. Nilitaka kujaribu kutembea kwanza kama mlivyosema.

#20 Muuguzi wa Zamu

Mama, nakuomba usisubiri. Damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, na kupungua bila kujua sababu, kwa umri wako ni safari ya hospitali wiki hii. Inaweza kuwa bawasiri, na bawasiri inatibika. Lakini ni lazima daktari akupime na aangalie utumbo, akiamua ufanyiwe kipimo cha kamera. Ukiambiwa ni bawasiri bila kupimwa, omba upimwe. Usione aibu, sisi tunaona haya kila siku.

#21 Hekima Kimya

Nimekuelewa mwanangu. Binti yangu atanipeleka Jumatatu.

#22 Mlishi

Mungu akutangulie mama. Ukiona vema utuambie, usipotaka pia ni haki yako.

#23 Kipepeo wa Mwambao

Dada Mlishi, la mwisho kwangu. Nimeanza kula dona na maharage kwa wingi baada ya kusoma uzi, na gesi imezidi kuliko mwanzo. Mume wangu ananiambia niache.

#24 Mlishi

Usiache, punguza mwendo. Umeruka kutoka nyuzinyuzi chache hadi nyingi kwa mkupuo, na bakteria wanaozichachusha hawajaongezeka vya kutosha, ndiyo gesi hiyo. Shirika la Afya Duniani linataka angalau gramu 25 kwa siku, na kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kinatoa zaidi ya gramu 10, kwa hiyo huhitaji bakuli zima. Anza na vijiko vitatu vinne vya kunde au choroko, ambazo kwa wengi ni nyepesi kuliko maharage, ongeza kila wiki. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa. Dona changanya na sembe nusu kwa nusu kwanza. Kunywa maji ya kutosha, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji zinaongeza ugumu wa choo. Na baada ya kula tembea taratibu dakika kumi, gesi inasukumwa na kutoka yenyewe. Ukiona baada ya mwezi bado tumbo linakusumbua, au ukiona maziwa au ngano ndiyo inayokuchokoza, niandikie umekula nini na saa ngapi, tuangalie pamoja.